Kuchora na kujenga tao lenye ncha kwa mtindo wa Gothiki mamboleo

Madirisha yenye ncha juu yanaendelea kujengwa kwenye makanisa mengi ya Afrika Mashariki, na mengi yamekosewa kwa namna ileile: fundi amepinda nondo mbili kwa jicho, akazikutanisha juu, akamimina zege. Kwa mbali unaona ncha. Ukisogea, upande mmoja umevimba kuliko mwenzake, na pale tao linapoanzia mstari umevunjika kama kiwiko.

Tao la Gothiki halikadiriwi. Ni vipande viwili vya duara, kila kimoja kina kitovu chake, na vitovu vyote viwili vimekaa kwenye mstari mlalo ambao tao linaanzia. Ukishajua vitovu viko wapi, umejua kimo cha ncha, idadi ya matofali, umbo la kalibu (fremu ya mbao inayoshikilia tao linapojengwa), hata upana wa ukuta unaohitajika pembeni. Hapa tutafuata dirisha moja, la upana wa sentimita 120 kwenye ukuta wa matofali ya kuchoma wenye unene wa sentimita 22, kuanzia mchoro hadi kuondoa kalibu. Vipimo vyote ni vya sentimita.

Ugomvi wa zamani unaomhusu fundi wa leo

Mtindo wenyewe ulizaliwa Ufaransa karne ya 12, ukaachwa wakati wa Renaisansi, ukafufuliwa Uingereza karne ya 18. Mwanzoni ulifufuliwa kama pambo. Mwandishi Mwingereza Horace Walpole alipoanza kuigeuza nyumba yake ya Strawberry Hill mwaka 1749, dari za kuba alizotengenezewa hazikubeba kitu. Ni plasta na karatasi iliyopondwa na gundi. Karne iliyofuata akaja msanifu Augustus Pugin, aliyechora mapambo na vifaa vya Bunge la Westminster, London, chini ya msanifu mkuu Charles Barry baada ya jengo la zamani kuungua mwaka 1834. Pugin alishikilia kwamba pambo halali ni lile linaloremba kitu kinachofanya kazi, na kilichowekwa ili kudanganya macho hakina nafasi. Ujerumani walikwenda mbali zaidi: Kanisa Kuu la Köln, lililoanzishwa mwaka 1248 na kusimama karne ya 16, liliendelezwa kuanzia 1842 na kumalizika 1880, uso wake ukifuata mchoro wa zama za kati uliopatikana katika vipande viwili, mwaka 1814 na 1816. Lakini fremu ya paa waliweka ya chuma.

Kwa hiyo fundi anapaswa kuamua mapema: tao lake litabeba, au litapambwa tu? Ukuta ukiwa na mkanda wa zege juu ya madirisha, mzigo wote unabebwa na mkanda na tao lililo chini yake ni sura. Si dhambi. Jengo la Woolworth la New York, lililofunguliwa mwaka 1913, ni fremu ya chuma iliyovikwa vigae vya udongo wa kuchoma vya Kigothiki, na halimfichi mtu kwamba ni ghorofa la ofisi. Kosa ni kuchanganya yote mawili: tao la matofali lililobanwa chini ya linta (boriti au mkanda wa zege ulio juu ya dirisha) bila nafasi. Linta inapojikunja kidogo kwa uzito, inaikandamiza ncha ya tao ambalo halikupimwa kwa mzigo huo, na plasta inapasuka hapohapo. Ukiweka linta, acha nafasi ya sentimita 2 kati yake na mgongo wa tao (uso wake wa juu), uijaze kitu laini. Ukitaka tao libebe, endelea kusoma.

Vitovu na kimo cha ncha

Chora mstari mlalo wa sentimita 120. Miisho yake, A kushoto na B kulia, ndiyo miguu ya tao. Njia rahisi kuliko zote ni kufanya A na B wenyewe kuwa vitovu: weka bikari kwenye B, ifungue hadi A, chora upinde wa kushoto, kisha weka kwenye A, chora wa kulia. Vinakutana kwenye kimo cha sentimita 103.9. Pointi A, B na ncha zinafanya pembetatu yenye pande zote sawa, na ndiyo maana tao hili limependwa sana: halihitaji hesabu yoyote.

Ukivisogeza vitovu nje ya miguu, tao linakuwa jembamba na refu kama mkuki. Kwa nusukipenyo cha 180, ncha inafika 134.2. Ukiviingiza ndani, tao linainama: nusukipenyo cha 90 kinakupa ncha ya 84.9. Kanuni ya yote ni moja. Zidisha nusukipenyo kwa upana, toa robo ya mraba wa upana, kisha tafuta kipeuo cha pili. Hicho ndicho kimo. Mara nyingi hali halisi ni kinyume: mkanda wa zege au boriti ya paa imeshaamua ncha isivuke wapi. Hapo chukua mraba wa kimo, jumlisha robo ya mraba wa upana, gawa kwa upana. Kwa dirisha letu, kimo kikiwa 90, unapata (8,100 + 3,600) ÷ 120, yaani nusukipenyo cha 97.5. Kitovu cha kila upinde kinakaa umbali huo kutoka mguu wake, kwenye mstari uleule.

Narudia kuhusu mstari kwa sababu ndipo makosa yanapozaliwa. Kitovu kikipanda juu ya mstari, tao linaanza kuelekea nje kabla ya kurudi ndani. Kikishuka chini yake, tao halianzi wima bali linakata mwimo kwa pembe, na hicho ndicho kiwiko tulichokitaja mwanzo. Matao ya Kiingereza ya mwisho wa zama za kati, yale yaliyobapa, yana vitovu vinne na viwili kati yake huwa chini ya mstari, lakini hiyo ni kazi nyingine. Yanasukuma ukuta kwa nguvu zaidi, na kwa matofali ya kawaida hatuyashauri.

Chora kwa ukubwa kamili, sakafuni au kwenye plaiwudi. Usitumie kamba kuchorea upinde, kwa sababu inavutika na nusukipenyo kinabadilika kadiri unavyokaza mkono. Chukua ufito mnyoofu, piga msumari kwenye kitovu, toboa tundu la penseli kwenye umbali kamili.

Kalibu

Kalibu ni mbavu mbili za plaiwudi ya milimita 18, zilizoshikanishwa kwa vibao vya mlalo ambavyo matofali yatakaa juu yake. Vibao vikiwa na unene wa sentimita 2, mbavu zikatwe kwa nusukipenyo cha 118 badala ya 120, na vitovu vibaki palepale. Wengi hufanya kinyume: wanapunguza upana kuwa 116 na kuchora upya tao la vitovu miguuni. Nusukipenyo kinakuwa 116, ncha inashuka, na tumbo la tao (uso wake wa chini) halilingani tena na mchoro.

Kila ubavu una upana wa 116 na kimo cha 101.6, hivyo zote mbili zinatoka kwenye karatasi moja ya plaiwudi ya 122 kwa 244. Vibao viwe na upana wa 4 na urefu wa 20, vikiachana sentimita 1. Utahitaji 25 kila upande. Tumeweka 20 badala ya 22 makusudi, ili kalibu iwe ndani kidogo ya uso wa ukuta pande zote mbili na isizuie uzi wala mwiko.

Kalibu isikae moja kwa moja juu ya mirunda. Kati yake na boriti inayoibeba weka kabari za mbao ngumu, mbili mbili zikitazamana, kila kona. Bila kabari huwezi kuishusha polepole. Utalazimika kuigonga kwa nyundo, na tao bichi halivumilii mtikisiko.

Matofali na mchanganyiko

Tuchukulie tofali la 22 × 10.5 × 7. Kishawishi ni kulisimamisha ili urefu wake wote wa 22 uwe kina cha tao. Tazama linachokufanyia: kwenye tumbo la tao kiungo ni milimita 8 au 9, lakini kwenye mgongo kinafungua zaidi ya sentimita 2. Hicho si kiungo tena, ni kabari ya chokaa, nayo inasinyaa na kupasuka. Jenga pete mbili za kina cha 10.5, moja juu ya nyingine, urefu wa tofali ukiingia ndani ya unene wa ukuta. Kiungo cha pete ya kwanza kitakuwa karibu milimita 8.5 chini na 15 juu, na hilo linakubalika.

Upinde mmoja wa tumbo la tao una urefu wa 125.7. Ugawe sehemu 16 za 7.85 na uziweke alama ubavuni mwa kalibu kabla ya kugusa mwiko. Pete ya pili, yenye nusukipenyo cha 131.5, inachukua nafasi 18 za sentimita 8 kila upande. Nafasi ya mwisho ya kila upande, kwenye pete zote mbili, iachie jiwe la kilele. Matofali yanayobaki ni 30 na 34. Agiza 70, na uyachague: tofali lililopinda kwa moto linafaa ukutani, si hapa.

Mchanganyiko unaofaa matofali ya kuchoma ni saruji 1, chokaa 1, mchanga 6, kwa ujazo na si kwa koleo za kukisia. Tao letu linahitaji kama lita 35. Saruji 1 kwa mchanga 3 ni nguvu isiyo na faida: inakauka ngumu kuliko tofali, na jengo linapotulia ni tofali linalopasuka badala ya kiungo. Kwenye majengo ya zamani ya pwani yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe, weka saruji pembeni kabisa na utumie chokaa kilichozimwa na kulowekwa wiki kadhaa, 1 kwa mchanga 3. Matumbawe hunyonya maji na kuyatoa; ukiyaziba kwa saruji, unyevu na chumvi vinabaki ndani na uso wa jiwe unaanza kumomonyoka nyuma ya plasta.

Kupanga

Loweka matofali mpaka yaache kutoa mapovu, kisha yaache yakauke uso. Tofali kavu linanyonya maji ya kiungo kabla hakijashika.

Kwa kuwa kitovu kiko kwenye mstari wa miguu, tofali la kwanza linalala bapa juu ya ukuta, bila kukatwa. Kuanzia hapo kila kiungo kielekee kitovu chake, na cha upinde wa kushoto ni kitovu cha kulia. Piga msumari A na mwingine B kwenye ubao uliokaa sawa na mstari, funga uzi kila mmoja, na kwa kila tofali vuta uzi kutoka upande wa pili uhakikishe kiungo kinaufuata. Mafundi waliozoea matao ya nusu duara huelekeza matofali yote katikati ya dirisha. Matokeo yake viungo vinakata upinde mshazari, na matofali ya karibu na ncha yanakaa tayari kuteleza.

Panda pande zote mbili kwa pamoja, tofauti isizidi matofali mawili. Upande mmoja ukitangulia, kalibu inasogea.

Kileleni viungo vya kushoto na vya kulia vinaacha pengo linalofunguka kuelekea juu kwa nyuzi 60. Wanaojaza pengo hilo kwa vipande vya tofali na saruji nyingi wanaweka udhaifu mahali pabaya kuliko pote. Chonga jiwe moja, au mimina zege, lenye umbo la kichwa cha mshale, lipite pete zote mbili na lichukue nafasi ya matofali manne uliyoyaacha. Vipimo vyake vitoe kwenye mchoro wa ukubwa kamili. Ukipenda, gawa jiwe hilo vipande viwili vyenye kiungo wima katikati, jinsi walivyofanya wajenzi wengi wa zama za kati. Kwa mzigo wa dirisha hakuna tofauti.

Sasa jambo ambalo tao lenye ncha halifanani na la duara. Ncha inataka uzito juu yake. Ukijaza ukuta juu ya mabega ya tao na kuiacha ncha tupu, mabega yanasukumwa ndani na ncha inainuka. Utaona viungo vya kileleni vikifunguka upande wa mgongo. Pandisha ukuta wa juu kwa usawa, na ufike kileleni kabla hujaigusa kalibu.

Funika kazi kwa magunia yenye maji kwa siku 7. Siku ya tatu au ya nne legeza kabari kwa milimita 1 au 2 tu, ili tao likae kwenye viungo vyake vikiwa bado vinaweza kujirekebisha. Ondoa kalibu baada ya siku 14. Kwa chokaa kitupu subiri si chini ya wiki nne, zaidi wakati wa masika.

Msukumo wa pembeni

Tao lenye ncha linasukuma kuta kidogo kuliko la nusu duara, lakini linasukuma. Ipo sheria ya kuchora iliyochapishwa mwaka 1643 na François Derand, padri Mjesuiti wa Ufaransa, ambayo bado inafaa kwa makadirio ya kwanza. Gawa tumbo lote la tao sehemu tatu sawa. Unganisha mguu na alama ya kwanza kwa mstari mnyoofu, kisha urefushe mstari huo kuelekea chini na nje kwa urefu uleule. Umbali wa mlalo kutoka mguu hadi mwisho wa mstari ndio upana wa ukuta unaohitajika pembeni mwa tao, au unene wa nguzo ya kuegemea. Kwa tao letu la vitovu miguuni, jibu daima ni karibu asilimia 23 ya upana: sentimita 28 kwa dirisha la 120, 56 kwa mlango wa 240, mita 1.40 kwa kuba linalofunika ukumbi wa mita 6. Kwa madirisha na milango hicho ndicho kiwango cha chini kabisa, nasi tungekizidisha mara mbili dirisha likiwa karibu na kona. Kwa kuba, mchoro uende kwa mhandisi.

Zanzibar pana mfano wa aliyethubutu. Kanisa la Mkunazini, lililowekewa jiwe la msingi Krismasi ya 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa, Askofu Edward Steere alilifunika kwa kuba refu la matumbawe yaliyopondwa na saruji, na kuba hilo lingali juu. Inasimuliwa pia kwamba baadhi ya nguzo ndogo ndani yake zilisimamishwa kichwa chini, miguu juu, Steere alipokuwa safarini. Andika alama ya juu kwenye kila kipande kabla hujaondoka kwenye eneo la kazi.

Na asikwambie mtu kwamba ncha ililetwa pwani na wamisionari. Magofu ya Gede, mji wa kale wa Waswahili kwenye pwani ya Kenya, yana matao ya matumbawe yenye ncha, ukiwemo mihrabu wa Msikiti Mkuu, yaliyojengwa kabla ya parokia yoyote. Ukifanya kazi Malindi au Kilifi, kayapime kabla ya kunakili picha ya Ulaya.

Kugawa dirisha

Dirisha la 120 lililo tupu linaonekana kama mlango uliopotea. Ugawaji rahisi ni wa herufi Y. Simamisha mwimo mmoja katikati, na kwenye mstari wa miguu uugawanye matawi mawili yenye nusukipenyo kilekile cha 120. Kitovu cha tawi la kulia kiko sentimita 180 kutoka A, cha tawi la kushoto sentimita 60 nje ya A. Kila tawi linagusa tao kubwa kwenye kimo cha 79.4, na vitundu viwili vya chini vinakuwa mikuki ya upana wa 60. Vipimo hivi ni vya mistari ya katikati. Unene ugawe nusu kwa nusu. Usibadilishe nusukipenyo cha matawi ili “yapendeze”. Ulinganifu wa macho unatoka hapo hapo, kwenye bikari kutobadilishwa.

Mwimo na matawi siku hizi humiminwa kwa zege, nayo kutu ndiyo inayoyaua. Nondo ndani ya mwimo wa sentimita 8 inabaki na zege la sentimita 3 na ushee tu kuizunguka, na hewa ya bahari inaifikia. Inavimba, zege linabanduka vipande. Ongeza unene uwe 12 na nondo moja ya milimita 8 katikati kabisa, au mimina bila chuma kwa vipande vifupi visivyozidi sentimita 60, vishikwe kwa pini za chuma kisichoshika kutu. Kioo kiingie kwenye mfereji wa sentimita 1.5, kizibwe kwa chokaa au mpira, kamwe si kwa saruji: fundi atakayekuja kubadilisha kioo kilichovunjika atavunja na mwimo.

Juu ya tao, upande wa nje, weka ukingo unaotokeza sentimita 5 hadi 7, wenye mfereji mdogo chini yake ili tone la mvua likatike na kudondoka mbali na ukuta. Watu huuacha wakidhani ni urembo mtupu, halafu maji yanashuka juu ya mgongo wa tao, yanaingia kwenye viungo vya kileleni, na baada ya misimu michache doa la kijani linaonekana ndani, chini kidogo ya ncha. Doa likianza, usipake rangi juu yake. Kwangua kiungo kwa kina cha sentimita 2, kijaze upya kwa mchanganyiko uleule uliojengea, kisha ujenge ukingo uliokosekana.